Siri ya Kaushio la Dagaa: Tuliyojifunza Nyakato Kuhusu Kulinda Uvumbuzi

Katika miaka niliyotunza kumbukumbu za utafiti kwenye karakana ndogo ya Nyakato, jijini Mwanza, sijawahi kuona siri ya uvumbuzi ikiibwa na mtu aliyevunja mlango. Nimeona siri zikitoka kwa njia halali kabisa: kwenye ripoti ya mfadhili, kwenye tasnifu ya mwanafunzi, kwenye mchoro aliokabidhiwa fundi wa kuchomelea na, mara nyingi zaidi, kwenye mazungumzo ya watu wema wanaojivunia kazi yao. Ninawaandikia wenzangu walio katika karakana, vyuo na vikundi vya ubunifu kandokando ya ziwa, kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa huanzia kwenye sheria, ilhali sheria hufika mwisho, wakati maamuzi yanayolinda au kupoteza uvumbuzi yameshafanywa zamani na watu ambao hawakujua kwamba walikuwa wakiamua jambo lolote.

Kazi yetu ilikuwa kaushio la dagaa linalotumia jua. Anayeijua mialo ya Igombe na Kayenze hahitaji kuelezwa shida yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hufika mwaloni alfajiri na kuanikwa mchangani au juu ya vichanja, na jua likiwa kali hukauka siku hiyohiyo. Mvua zikishika, mzigo mzima huweza kulowa, ukageuka rangi na kuanza kunuka, kisha ukauzwa kwa bei ya kutupa ili ukasagwe kuwa chakula cha kuku. Hata wakikauka vizuri, dagaa wenye mchanga hushuka bei wanapofika soko la Mwaloni, Kirumba. Tulitaka chombo ambacho mwanamke mwenye mtaji mdogo angeweza kukimudu, kitakachokausha dagaa safi hata siku ya mawingu.

Jambo la kwanza tulilolazimika kulikabili lilikuwa swali gumu kuliko tulivyodhani: kipya chetu ni kipi? Masanduku ya kukaushia yenye paa angavu, vichanja vya wavu na feni ndogo ya sola yapo duniani tangu zamani. Mzee wetu wa karakana, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mradi, alikataza tusimwandikie mtu yeyote barua ya kujisifu kabla hatujapekua hifadhi za hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, zinazopatikana bure kwenye intaneti, yaani Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya na PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Kazi hiyo ilituchosha na kutusononesha, kwa kuwa vitu vingi tulivyoviona kuwa vyetu vilikuwa vimeshachorwa na kuelezwa na watu wa nchi nyingine. Ila ilitufaa sana. Mtu asiyejua mpaka wa uvumbuzi wake huficha kila kitu, hata yale ambayo dunia nzima inayajua, na wafanyakazi wakizoea kuona neno SIRI limepigwa muhuri hata kwenye orodha ya misumari huacha kulijali kabisa.

Baada ya upekuzi huo tulibakiwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa namna kichanja kinavyoinamishwa na kutikiswa kutoka nje, bila kufungua sanduku na bila mkono kugusa dagaa. La pili lilikuwa ratiba ya kuendesha kaushio zima: lini uinamishe, lini ubadilishe nafasi za vichanja, lini upunguze hewa, kulingana na unyevu wa siku na ukubwa wa dagaa. Yote mawili yalitoka katika kazi ileile, lakini yalihitaji ulinzi wa aina mbili tofauti, na hapa ndipo watafiti wengi wa kwetu hupotelea.

Kichanja kinaonekana. Mtu akinunua kaushio letu, akalifungua kwa spana na kulipima kwa futi, ameshajua kila kitu, na kujifunza kwa kubomoa chombo ulichokinunua kihalali si kosa. Kitu cha namna hiyo hakifai kutunzwa kama siri, kwa sababu siri yake huisha siku ya mauzo ya kwanza; kinahitaji hataza. Ratiba haionekani. Ukibomoa sanduku lote huikuti ndani yake. Hiyo inaweza kuwa siri ya biashara, ambayo haina usajili wala ada wala ukomo wa miaka, mradi tu itimize masharti yaliyowekwa na Kifungu cha 39 cha Makubaliano ya TRIPS ya mwaka 1994, yanayohusu miliki ubunifu katika biashara ya kimataifa: iwe kweli ni siri, iwe na thamani ya kibiashara kwa sababu ni siri, na mwenye nayo awe amechukua hatua za busara kuitunza. Sharti hilo la tatu ndilo lililonipa kazi. Mahakama haitakuuliza kama ulitamani jambo libaki siri. Itakuuliza ulifanya nini.

Tuliandika maombi ya hataza kwa uangalifu mkubwa ili mpaka huo usivurugike. Hataza ni makubaliano na umma: unaeleza uvumbuzi wako kikamilifu kiasi kwamba fundi mwenye ujuzi wa kawaida anaweza kuutengeneza, nawe unapewa haki ya kuwazuia wengine kwa muda maalumu. Huruhusiwi kudai kitu kisha ukaficha kiungo kinachokiwezesha kufanya kazi, maana hataza ya namna hiyo inaweza kubatilishwa. Kwa hiyo tulijiuliza kwa unyofu kama kichanja chetu kinafanya kazi bila ile ratiba, na jibu likawa ndiyo; hufanya kazi vizuri, ila ratiba hukifanya kifanye kazi vizuri zaidi. Jibu lingekuwa hapana, ratiba nayo ingelazimika kuingia kwenye maombi, na siri yake ingekwisha siku maombi yanapotangazwa. Kwa utaratibu wa kimataifa wa PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, maombi hutangazwa baada ya miezi 18 tangu tarehe ya kipaumbele, ambayo ni tarehe ya maombi ya kwanza kabisa.

Sasa nije kwenye maonyesho, kwa kuwa hapa nimeona machozi ya vijana. Ili uvumbuzi upewe hataza ni lazima uwe mpya siku unapowasilisha maombi, yaani usiwe umeshawekwa hadharani kwa maandishi, kwa maneno, kwa matumizi au kwa kuonyeshwa. Marekani humpa mvumbuzi nafasi ya mwaka mmoja baada ya kujitangaza mwenyewe, lakini mtu wa Mwanza hawezi kupanga maisha yake kwa sheria ya Marekani. Huku kwetu kijana akibuni kitu, jambo la kwanza anaambiwa akakionyeshe: kwenye Nane Nane pale Nyamhongolo, kwenye MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, au kwenye kipindi cha redio. Majukwaa hayo ni mazuri na ninayaunga mkono kwa moyo wote, ila mpangilio wa hatua ndio unaoumiza, kwa sababu makofi hupigwa mwezi wa nane na wakala wa hataza huonwa mwezi wa kumi na mbili.

Hofu hiyo si yetu peke yetu, wala si ya leo. Mwaka 1873 Vienna iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa, na baadhi ya wavumbuzi wa kigeni walikataa kuhudhuria kwa kuogopa kwamba mawazo yao yangechukuliwa na kutumiwa katika nchi nyingine. Kilio hicho kilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao unampa mwombaji miezi 12 tangu maombi yake ya kwanza ya hataza kuomba ulinzi katika nchi nyingine wanachama bila kupoteza tarehe yake. Mkataba huo unagusa pia ulinzi wa muda kwa vitu vinavyoonyeshwa, lakini unahusu maonyesho ya kimataifa yaliyotambuliwa rasmi, nao hutegemea sheria ya kila nchi. Si mwavuli wa kujifunika kwenye banda la turubai la Nyamhongolo.

Sisi tulialikwa Nane Nane kabla maombi yetu hayajakamilika. Mzee alikubali mwaliko, akaamuru sanduku lipelekwe likiwa limefungwa kwa riveti, bila kichanja ndani, na pembeni ziwekwe sinia za dagaa waliokwisha kukauka ili watu waguse na kuonja. Watu walilalamika. Ofisa mmoja alituambia kwamba tunaficha maarifa ya taifa. Mzee alimjibu kwa heshima, "Mheshimiwa, mwakani nitakufungulia mwenyewe na kukueleza kila kipande." Ahadi hiyo aliitimiza baada ya maombi kupokelewa.

Majaribio ya mwaloni yalikuwa mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu huwezi kujaribu kaushio la dagaa ndani ya chumba cha ofisi. Ukilisimamisha ufukweni mbele ya wavuvi, wachuuzi na waendesha bodaboda, umelitumia hadharani. Tulikodi ua wenye uzio wa mabati karibu na mwalo wa Igombe, tukafanya kazi na akina mama wachache wenye uzoefu mrefu wa kuanika. Kabla ya kuwafungulia sanduku tuliwasomea kwa sauti makubaliano ya kutunza siri, ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili na kisha kwa Kisukuma, na kila mmoja akauliza alichotaka kuuliza kabla ya kuweka saini au dole gumba. Nakumbuka swali la mama mmoja: "Mwanangu, nikirudi nyumbani wakaniuliza nashinda wapi, niseme nini?" Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye semina za miliki ubunifu. Mtu hawezi kutunza siri asiyopewa maneno ya kusema badala yake. Tukakubaliana palepale: aseme tunakausha dagaa kwa jua na kwamba mashine bado inajaribiwa, basi; kuhusu ndani ya sanduku, amwelekeze muulizaji kwetu. Tangu siku hiyo kila makubaliano tunayoandika yana sehemu inayotaja yale ambayo mtu yuko huru kuyasema.

Mama huyohuyo ndiye aliyetuonyesha kosa la kichanja chetu cha mwanzo. Tulikuwa tukisubiri dagaa wakauke nusu ndipo tuwageuze, na walinasa kwenye wavu. Alichukua mmoja wa kichanja cha chini, akambana taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema kwamba lazima watikiswe mapema, ngozi ikiwa bado na utelezi, na kwa kuinamisha upande mmoja kwanza, kwa sababu ukingoja ngozi ikaze anavunjika kichwa. Alituonyesha mwendo wenyewe kwa kiganja. Kuinamisha huko kutoka upande mmoja ndiko kulikokuja kuwa kiini cha madai yetu ya hataza, yaani sehemu ya maombi inayotaja kile hasa tunachotaka kilindwe, na ninaweza kulieleza leo kwa kuwa maombi yameshatangazwa.

Palitokea mabishano makali karakanani. Wengine waliona kwamba zawadi na shukrani zinatosha, kwani yeye hakuchora wala hakupima kitu. Wakala wetu alitufafanulia kwamba kuchora si kuvumbua: mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lililomo kwenye madai, awe na digrii au asiwe nayo, na kumwacha anayestahili ni dosari inayoweza kuitikisa hataza yenyewe. Kwangu mimi hoja ya haki ilitosha hata bila hoja ya sheria. Maarifa ya akina mama wa mwaloni yamechukuliwa na watafiti kwa miaka mingi yakarudi kwao yakiwa na majina ya watu wengine. Nchi za Afrika zilizo chini ya ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu, ziliona tatizo hilo zilipopitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kuhusu maarifa ya jadi, lakini itifaki haiwezi kumwandika mama jina kwenye fomu. Anayeijaza fomu ndiye anayemwandika. Aliandikwa, na mgawo wake wa mapato ukaandikwa kwenye mkataba tofauti.

Kuhusu wanafunzi nitasema machache. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alikuwa na haki ya kuandika tasnifu na kuhitimu kwa wakati, na taasisi inayomfungia mwanafunzi matokeo yake kwa ajili ya siri ya wengine inamdhulumu. Tulizungumza na msimamizi wake siku ya kwanza, tukakubaliana sura ipi ieleze nini, na kwamba nakala isiwekwe maktaba mpaka tarehe fulani. Kwa wafadhili ni rahisi zaidi: kwenye ripoti ya wazi toa matokeo, kiasi cha unyevu uliopungua, ubora wa dagaa, gharama; njia ya kufikia matokeo hayo iweke kwenye kiambatisho ambacho mkataba wa ruzuku unakitaja kuwa cha siri. Fundi wa nje mpe kipande chake tu. Fremu ilichomelewa kwingine, mabati yakakunjwa kwingine, na mchoro wa kuunganisha haukuwahi kutoka karakanani.

Daftari la utafiti ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Kurasa zina namba, tunaandika kwa kalamu ya wino, hakuna ukurasa unaochanwa, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, na kila wiki mtu anayeelewa kazi lakini asiye mvumbuzi husoma na kuweka saini na tarehe. Wapo wanaodhani daftari humpa ushindi aliyewaza kwanza. Haki humwendea aliyewasilisha maombi kwanza, na hata Marekani, iliyoshikilia utaratibu wa aliyevumbua kwanza kwa muda mrefu, iliuacha kwa maombi ya kuanzia tarehe 16 Machi 2013. Daftari lina kazi nyingine: linaonyesha nani alichangia nini, na linathibitisha kwamba ulikuwa na jambo fulani kabla hujamwonyesha mgeni.

Na mgeni alikuja. Kampuni moja kutoka nje ya mkoa ilitaka kununua makaushio mengi, ikatuma wahandisi wake kuona michoro. Maombi yetu yalikuwa yameshawasilishwa, lakini maombi peke yake hayamzuii mtu; mpaka hataza itolewe, kinachokulinda dhidi ya uliyemwonyesha ni mkataba. Walitia saini makubaliano ya kutunza siri kabla ya mlango kufunguliwa, na jioni tuliandika orodha ya kila mchoro waliouona, pande zote mbili zikaisaini. Kisha wakanyamaza. Msimu uliofuata tulilikuta kaushio lao kwenye mwalo wa mbali, likiwa na kichanja kinachoinama kutoka upande mmoja.

Wakili wetu alitueleza kwa kutumia kesi ya Coco dhidi ya A. N. Clark (Engineers) Ltd, iliyoamuliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza huirejea mara kwa mara. Coco alikuwa amebuni injini ya pikipiki ndogo, akajadiliana na kampuni ya kuitengeneza, mazungumzo yakavunjika, kisha kampuni ikatoa injini yake inayofanana. Jaji alitaja mambo matatu ya kuthibitisha: taarifa yenyewe iwe ya siri kwa asili yake, iwe imetolewa katika mazingira yanayomfunga mpokeaji, na iwe imetumiwa bila idhini. Coco hakupewa zuio la muda aliloliomba, kwa kuwa hakuonyesha kwa kuridhisha kwamba taarifa zake zilikuwa za siri kwa asili yake. Sisi tulikuwa na orodha iliyosainiwa na kurasa za daftari zenye tarehe. Tulikaa nao mezani, wakakubali kukiondoa kichanja kwenye mashine zao zilizofuata. Sanduku na feni vikabaki, kwani havikuwa vyetu wala vyao, na oda tulizopoteza msimu ule hazikulipwa. Bado linaniuma. Ratiba hawakuwahi kuiona, na wachuuzi waliotumia mashine zote mbili walituambia tofauti ya dagaa bila sisi kuuliza.

Kilichobaki sasa ni suala la mipaka. Hataza iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, ni ya Tanzania Bara. Zanzibar, ambako dagaa wa bahari ni biashara kubwa, ina sheria yake ya mwaka 2008, na hataza ya Bara haina nguvu Kisumu wala Jinja, ingawa maji ni yaleyale na dagaa ni walewale. Ndiyo maana ndani ya miezi 12 tulipitia ARIPO, yenye makao yake Harare, ambayo kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 hupokea maombi mamoja kwa nchi kadhaa unazozitaja. Kila nchi ina ada ya kila mwaka ya kuendeleza, na karakana yetu haiwezi kuzilipa zote. Tumeamua kubaki na nchi tatu za ziwa na kuziacha nyingine. Mama wa Igombe, kama mvumbuzi aliyeandikwa, alikaa nasi kwenye kikao hicho, naye ndiye aliyesisitiza tusiiache Uganda, kwa kuwa anawajua wanunuzi wanaopeleka dagaa huko na anajua nani kati yao ana karakana ya kuchomelea.